Jumatatu ya Kuapisha Sikio

Kiwanda chenyewe usikipe heshima hiyo kabla hujakiona. Kilikuwa uwanja wa vumbi uliozungushiwa mabati, mashine ya kuchanganyia zege iliyonguruma kutwa kama ina kesi na mtu, kalibu sita za chuma, banda la kuanikia matofali, na chumba cha ofisi ambacho dirisha lake lilizibwa kwa mfuko wa saruji. Humo ndimo Fundi Sikio alimomaliza miaka ishirini na sita ya ujana na utu uzima wake, na humo ndimo alimolipata hilo jina. Lile alilopewa na mama yake lilibaki kwenye kitambulisho. Hata mkewe alilitumia siku za hasira tu.

Kazi yake ilikuwa kugonga. Alikuwa na kipande cha nondo chenye urefu wa shibiri, kimeng'aa kwa kushikwa, na kwa kipande hicho alipita bandani kila asubuhi akigonga matofali moja moja. Tofali zima hulia kikengele. Tofali bovu hulia kama mtu aliyepigwa ngumi ya tumbo. Fundi anagonga, anatulia kidogo, anainamisha kichwa, kisha anatamka, "Zima!" au "Bovu!" Wapakiaji wanatii. Kwa kweli ilikuwa raha kumtazama, maana alikuwa na mbwembwe zake, na watu wa malori walikuwa wanazima injini ili wamwangalie.

Lakini sikio nalo lilikuwa na msimamizi wake. Kila Jumatatu, kabla mashine haijawashwa, watu wote wa kiwandani walikusanyika kando ya jeki. Hiyo ilikuwa jeki ya lori iliyofungwa ndani ya fremu ya chuma, yenye geji ya kuonyesha uzito, na mwenyewe alikuwa Mama Jeki, mwanamke wa maneno machache na mikono mipana. Fundi aligonga matofali matano, akatamka neno lake kwa kila moja, kisha Mama Jeki akayabana yote mpaka yavunjike, na geji ikasema nani mkweli. Hiyo waliita kuapisha sikio. Jeki ilikuwa inakula robo saa kwa tofali moja, na likishapimwa ndiyo basi, halijengi tena kitu. Juu ya jeki kulikuwa na maabara ya mjini, yenye mashine kubwa kama kabati: unapeleka matofali matatu, unasubiri siku ishirini na nane, unaletewa karatasi yenye muhuri. Kwa hiyo sikio lilikuwa la bure na la haraka na lingeweza kudanganya, jeki ilikuwa ya taabu na ilidanganya kidogo, na maabara haikudanganya ila ungeweza kuota mvi ukiisubiri. Kila mtu kiwandani alilijua hilo, hata mlinzi.

Sasa, mtu anayesimama hatua tano kutoka kwenye mashine ya zege kwa miaka ishirini na sita, unadhani masikio yake yatabaki ya mtoto? Zilianza kupotea sauti nyembamba. Ndege wakaacha kulia. Simu ya mkewe ikaacha kuita. Kisha siku moja Fundi aligonga tofali, akainamisha kichwa kwa mbwembwe zake zote, na asisikie kikengele wala ngumi. Alisikia kishindo tu, na cha pili kikawa vilevile, na cha tatu.

Alifanya nini? Angekuwa mtu wa kawaida angesema. Lakini huyu alikuwa Sikio, bwana! Utamwambiaje mtu jina lako limekufa? Akajikaza kisabuni. Akaendelea kugonga, kuinama na kutamka, ila sasa alikuwa anatazama rangi ya tofali na uso wa mpakiaji. Na kwa kuwa mchanganyiko wa kiwandani ulikuwa uleule wa miaka yote, saruji ya kutosha na mchanga mzuri, karibu matofali yote yalikuwa mazima. Ukisema "zima" kutwa nzima unapatia, hata kama ungekuwa mbuzi. Hatari ilikuwa Jumatatu tu. Akaenda ofisini, akajifanya mtu wa kubana matumizi, akamwambia mwenye kiwanda, "Tajiri, tunavunja matofali mazima ya watu bure kila wiki. Sikio langu unalijua." Tajiri, ambaye mtu akitaja kuokoa kitu alikuwa anachangamka kama amepakwa dawa, alikubali kabla sentensi haijaisha. Jumatatu za kiapo zikafa hivyo, mwaka mzima na nusu, na Mama Jeki akaifunika jeki yake kwa turubai.

Ndipo akaja Mtaalamu.

Mtaalamu alikuwa mpwa wa Tajiri, kijana msafi, mwenye viatu ambavyo vumbi la pale lilivionea uchungu siku ya kwanza tu. Alikuja na kompyuta na kazi moja: kiwanda kilikuwa kimepata oda ya matofali ya kujenga jiko jipya la shule ya msingi, kuta zake zibebe dari la zege na tangi la maji juu yake, na Tajiri alitaka sehemu ya saruji itolewe iwekwe majivu ya tanuri la jirani, kwa sababu majivu yalikuwa yakitupwa bure. Swali lilikuwa majivu kiasi gani. Kidogo mno, hujaokoa kitu. Mengi mno, dari linashuka kusalimia wapishi.

Na mpishi mkuu wa shule hiyo alikuwa mke wa Fundi Sikio.

Wazo la Mtaalamu lenyewe, tuseme haki, halikuwa baya. Alisema hatuwezi kupeleka kila mchanganyiko maabara, tutazeeka. Basi tutengeneze michanganyiko mingi, tuipime zaidi kwa njia rahisi, kidogo kwa jeki, michache kabisa kwa maabara, kisha kompyuta iunganishe majibu yote na kutuonyesha pa kusimama. Hapo alikuwa mtu wa maana. Laiti angenyamaza hapo.

"Mzee wangu, shikamoo," alimwambia Fundi siku hiyo, akimshika mkono kwa mikono yote miwili na kuongea kwa sauti kubwa kama vijana wanavyofanya mbele ya wazee, jambo ambalo kwa bahati lilimsaidia Fundi kusikia. "Wewe ndiye tegemeo langu. Wewe ni chanzo cha data."

"Marahaba," akajibu Fundi, na kifua kikamjaa.

Kilemba cha ukoka hicho, na kilimkaa vizuri. Kwa wiki mbili aligonga mbele ya kompyuta. Mtaalamu aliketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, akiandika. Mchanganyiko wa majivu kidogo: zima. Majivu ya wastani: zima. Majivu mengi, tofali limepauka kama mgonjwa: Fundi akatazama uso wa Mtaalamu, akaona kijana anatamani kitu, akatamka, "Zima!" Mara chache akatia "bovu" ili mambo yasionekane ya kupangwa. Ilipofika mwisho alikuwa amegonga matofali mia nne na kumi na mawili, na mazima yalikuwa mia tatu tisini na saba. Mtu hajawahi kuwa mkarimu hivyo kwa kitu kisicho chake.

Mama Jeki alifunua turubai akabana ishirini. Yale ya majivu mengi yalipasuka mapema, moja baada ya jingine. Maabara wakapelekewa matatu ya majivu mengi, na baada ya mwezi zikarudi karatasi tatu zenye muhuri, moja kwa kila tofali: yote matatu hayafai.

Sasa sikiliza alichofanya msomi wetu. Alichukua majibu yote akayamimina kwenye chungu kimoja, kila jibu kura moja. Tofali lililogongwa kwa sekunde mbili na mzee mmoja lilihesabiwa sawasawa na tofali lililokaa siku ishirini na nane maabara. Kompyuta ikafikiri, ikachora mstari wa kijani mzuri sana, ikasema majivu yanaweza kuchukua nafasi ya karibu nusu ya saruji. Zile karatasi tatu za maabara zilikuwa zimejitenga peke yake pembeni ya mchoro.

"Hizi zimepotoka," Mtaalamu alimwambia mjomba wake, akazifuta kwa kidole kimoja. "Tatu haziwezi kubishana na mia tatu tisini na saba."

Mama Jeki alikuwa amesimama mlangoni. "Sikio huwezi kulipanga mstari mmoja na maabara," alisema. "Sikio lilikuwa linaapishwa."

"Mama, hii ni hesabu," Mtaalamu akamjibu kwa upole ule unaotaka kofi. "Haiapishwi."

Tajiri akatazama mstari wa kijani, akatazama lundo la majivu ya bure nje ya mlango, akasema, "Pigeni." Wakaanza kufyatua matofali ya jiko la shule siku ileile, na wiki moja baadaye yalikuwa elfu moja na mia mbili bandani, yamepauka yote.

Jumapili ya wiki hiyo, baada ya chakula cha mchana, Fundi aliketi jikoni kwake akimsimulia mkewe habari za chanzo cha data. Mkewe alikuwa anasugua vyungu. Alikuwa mwanamke aliyezoea kulisha watoto mia sita kwa siku na kunyamazisha mia sita hao kwa jicho moja, na kwa mwaka mzima na nusu alikuwa anamwita mumewe kwa kumgusa bega, na hakuwahi kuuliza kwa nini. Siku hiyo aliuliza.

"Baba watoto, hayo matofali ya majivu ni ya jiko langu?"

"Ya jiko lako, mke wangu. Nimeyapitisha kwa sikio hili."

"Geukia ukutani."

"Kuna nini?"

"Geuka, nimesema."

Akageuka. Mkewe akachukua vyungu viwili, kimoja kizima na kingine chenye ufa, akavigonga kwa mwiko kimoja baada ya kingine. "Chenye ufa ni cha kwanza au cha pili?" aliuliza, akimsogelea sikioni.

"Cha kwanza."

Kilikuwa cha pili. Akarudia, akabadilisha zamu, na Fundi akakosa tena. Mara ya tatu Fundi alijifanya anajikuna shingo ili apate kuchungulia, na mkewe akamwona. Mwiko ukatua kwenye meza kwa kishindo ambacho hata yeye alikisikia.

"Unachungulia! Mtu mzima na mvi zako unachungulia vyungu!" Sauti ilikuwa juu sasa, na machozi yalikuwa njiani. "Kumbe na bandani ni hivi? Unatazama sura za watu unasema zima? Lile tangi la maji litakaa juu ya kichwa changu, unajua? Juu yangu na wasaidizi wangu wanne, na watoto wamepanga foleni na sahani zao ukutani!"

Fundi akaketi. Aibu ilimpanda kutoka miguuni, aibu ya kweli, ile inayofanya mtu atamani kuingia ndani ya ndoo.

"Nikisema," akanena mwishowe, "nitakuwa nani? Wataniita Fundi nani?"

"Utaitwa mume wangu," mkewe akasema. "Na mimi nitakuwa hai wa kukuita."

Jumatatu Fundi alifika kabla ya wote. Aliondoa turubai kwenye jeki kwa mikono yake, akaikunja vizuri, akamsubiri Mama Jeki. Alipofika, akamwambia, "Niapishe."

Mama Jeki akaenda kuwaita watu. Akachagua matofali kumi yaliyokwisha komaa, matano ya mchanganyiko wa zamani na matano yaliyobaki kwenye majaribio, yenye majivu ya kiasi kile cha mstari wa kijani, akayapaka chokaa yote ili rangi isimwambie mtu kitu, akayaandika alama chini. Tajiri alitoka ofisini na kikombe chake. Mtaalamu alitoka na kompyuta yake, akitabasamu, kwa sababu alidhani ni sherehe ya kumpongeza.

Fundi akagonga. Hakufanya mbwembwe hata moja. Akasema "zima" mara tisa na "bovu" mara moja, akarudi nyuma, akasimama wima na mikono mgongoni.

Jeki ikabana. Kila lilipofika tofali la majivu, geji haikufika hata nusu ya inapotakiwa, likafumuka kama keki kavu, matano yote. Yale ya zamani yalishikilia mpaka Mama Jeki akatoa jasho. Na lile moja ambalo Fundi alisema bovu ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. Kwa hiyo alipatia manne kati ya kumi. Mtu aliyelala usingizi angeweza kupatia manne.

Hakuna aliyecheka. Fundi akaongea kwa nguvu, kama viziwi wanavyoongea, na mabati yakaitikia. "Sikio hili limekufa mwaka jana mwanzoni. Niliona haya kusema. Nilizifuta Jumatatu ili msinijue. Yale mia nne na kumi na mawili niliyompa huyu kijana ni uongo mtupu, na msiyapeleke shuleni."

"Lakini, mzee," Mtaalamu akasema, tabasamu limemganda usoni, "kompyuta imeshakubali."

"Basi nayo iapishwe," akasema Mama Jeki.

Watu wakaanza kunong'ona, na Tajiri akanyoosha kidole: iapishwe. Mtaalamu akalazimika kuiingizia kompyuta michanganyiko ya matofali yaleyale kumi, nayo ikajibu bila kusita kwamba yote kumi ni mazima. Ikawa imepatia matano. Mashine ya bei mbaya, yenye mstari wa kijani na kila kitu, ilikuwa imemshinda kiziwi kwa tofali moja.

Hapo ndipo watu walipocheka. Kicheko kilizunguka uwanja mzima mpaka kwa mlinzi, na Mtaalamu akaangalia viatu vyake kama ndiyo kwanza anaviona. Tajiri hakucheka. Alitazama matofali elfu moja na mia mbili bandani, na nusura alie mbele ya wafanyakazi wake. Yalisagwa yote kuwa kifusi cha kuzibia mashimo ya barabara ya kuingilia.

Kazi ikaanza upya, na safari hii ilifanywa kama watu wenye akili. Sikio jipya lilikuwa la binti mmoja wa kalibu, na liliapishwa kila Jumatatu. Walipojua ni mara ngapi linakosea, wakajua pia liaminiwe kiasi gani. Jeki nayo ikapimwa kwa maabara, ikagundulika ina kawaida ya kujisifu kidogo, na wakaizoea tabia yake. Karatasi zenye muhuri hazikufutwa tena na kidole cha mtu. Mwisho wake majivu yalipata nafasi, kijiko cha heshima tu, na maabara ikakubali.

Na nani alipata sifa? Unauliza kama hujawahi kuajiriwa. Mtaalamu aliandika ripoti yenye jalada la plastiki, akauita utaratibu ule Mfumo wa Uhakiki Endelevu wa Vyanzo, uvumbuzi wake. Mama Jeki hakutajwa. Fundi alitajwa mara moja, ukurasa wa tisa, kwenye jedwali: *Chanzo namba moja, kimeharibika, kimeondolewa.* Yeye alikwisha hamishiwa kumwagilia matofali maji kwa mpira. Kipande chake cha nondo alikichukua nyumbani, na mkewe anakitumia kuzuilia mlango.

Siku ya kufungua jiko la shule walialikwa wote. Kuta zilisimama zimenyooka, dari juu, tangi juu ya dari limejaa maji. Tajiri alishika kipaza sauti kilichokuwa kinakoroma, akahutubia. Alimshukuru mpwa wake kwa elimu yake. Alisema pasipo macho ya kijana huyo, makosa ya mzee fulani yangeleta maafa mahali hapa. Akasema apigiwe makofi, na Mtaalamu akainuka na kuinama huku na huku.

Fundi Sikio alikuwa ameketi mstari wa mbele na shati lake jeupe. Kwake hotuba nzima ilikuwa mngurumo. Aliona watu wanapiga makofi, basi naye akapiga, kwa nguvu, kwa furaha, kuliko wote, akimtazama kijana na kumwitikia kwa kichwa.

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko na kanga kiunoni. Alisikia kila neno. Alivuka uwanja mzima mbele ya wageni, akaishika mikono ya mumewe katikati ya makofi, akaishusha taratibu.

"Wamesema nini?" Fundi akauliza kwa sauti yake kubwa, na kila mtu akageuka.

Mkewe alimtazama Tajiri, akamtazama Mtaalamu, akaachia msonyo mmoja mrefu uliofika mpaka kwenye kipaza sauti. Kisha akainama sikioni mwa mumewe.

"Wamesema ukuta ni mzima."

"Aa," akasema Fundi, akaichomoa mikono yake, akaendelea kupiga makofi.